Katwe, Mahali Ambapo Upepo Hupaka Rangi

Mtu anayetoka penye Mnara wa Saa mjini Kampala na kuifuata barabara ya Entebbe kwa miguu huingia Katwe kabla hajaanza kuchoka. Hahitaji kuuliza njia. Masikio humwambia kwanza, kwa kuwa nyundo za mafundi wa chuma hazipumziki tangu asubuhi. Kisha pua humwambia, kwa kuwa harufu ya tina na rangi mbichi humfikia kabla hajaliona duka hata moja la rangi.

Historia ya mtaa huu ulio chini ya kilima cha Mengo si ndogo. Katika miaka ya 1950 Katwe ilisifika kwa siasa na kwa magazeti ya wananchi, katika siku zile za chama cha Uganda National Congress kilichoanzishwa mwaka 1952. Mwaka 2016 jina lake lilienea ulimwenguni kwa filamu ya Queen of Katwe, iliyosimulia habari za Phiona Mutesi, binti wa mtaa huo aliyepata sifa katika mchezo wa sataranji. Lakini mwenyeji wa Kampala, ukimtajia Katwe, hufikiri kwanza juu ya mikono ya mafundi. Mageti, milango ya chuma, majiko na toroli hutengenezwa hapo, na kati ya karakana hizo zimo zile za magari.

Gari lililogongwa huletwa likiwa limekunjamana kama karatasi. Bodi hunyoshwa kwa nyundo, mabonde huzibwa kwa puti, na msasa hupitishwa kwa maji mpaka kiganja kisihisi tofauti yoyote. Vioo hufunikwa kwa magazeti makuukuu na utepe. Ndipo kijana mmoja huishika bunduki ya rangi, mashine ya upepo ikanguruma, na rangi ikatoka kama pumzi.

Bunduki hii haimtishi askari wala raia. Chanzo chake ni katika tiba. Mwishoni mwa karne ya 19, Allen DeVilbiss, daktari wa masikio, pua na koo katika mji wa Toledo huko Marekani, alibuni chombo cha kunyunyiza dawa kooni mwa mgonjwa. Mwanawe Thomas aliichukua fikra ile ile mwanzoni mwa karne ya 20 akaitumia kwa rangi. Siku hizi karibu dunia nzima hupaka magari kwa kupuliza, si kwa brashi.

UKUNGU UNAKOKWENDA

Katika viwanda vikubwa, rangi hupulizwa ndani ya chumba maalumu chenye feni na vichujio. Chumba cha namna hiyo ni cha gharama kubwa, na mafundi wengi wa mitaani hufanya kazi chini ya bati au chini ya mbingu tupu. Bunduki ya zamani yenye mkandamizo mkubwa wa upepo ni mpotevu. Mara nyingi zaidi ya nusu ya rangi haikai juu ya bodi iliyokusudiwa, bali hudunda ikageuka ukungu na kutafuta mahali pengine pa kutua.

Hapo ndipo hali ya nchi inapoingia. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Viktoria liko kusini yake. Jua likiisha kupanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo wa ziwa huanza kuvuma kuelekea mjini. Asubuhi tulivu ukungu wa rangi huanguka karibu na miguu ya fundi. Mchana husafiri makumi ya mita, ukavuka uzio, ukavuka njia, ukatua juu ya gari la mtu ambaye hakuagiza rangi yoyote.

Matone yote hayafiki katika hali moja, na ni vizuri msomaji alishike jambo hili. Tone lililosafiri mbali hukauka likiwa hewani, nalo hufika kama vumbi na kushika kidogo tu. Tone lililotua karibu hufika likiwa bado bichi, likaambaa na kuishika rangi ya chini kwa nguvu. Kwa hiyo gari lililoegeshwa mbali kidogo lina matumaini makubwa, na lile lililokuwa ubavuni mwa kazi lina kazi zaidi.

MATONE YA BULUU

Katika matembezi yangu Katwe nililishuhudia jambo lenyewe. Fundi alikuwa akipulizia mkanda wa miraba ya buluu juu ya teksi moja ya abiria, zile nyeupe tunazozijua sote. Umbali wa nyumba mbili hivi lilikuwa limeegeshwa gari dogo jeupe. Mwenyewe, sajenti wa polisi aliyevaa nguo za kiraia, alikuwa ameingia dukani kutafuta taa ya nyuma. Alipotoka alipitisha mkono juu ya boneti, na mkono ukasita. Boneti iliyokuwa laini asubuhi sasa ilikwaruza kama ulimi wa paka. Alipoinama kuitazama kwa ubavu akaona vidoti vya buluu visivyohesabika, tangu boneti hadi paa.

Yule kijana mwenye bunduki ya rangi alikimbia na kitambaa kilicholowa tina. “Mzee, unisamehe,” alisema, “ni upepo tu. Nakufutia sasa hivi.”

Kabla sajenti hajajibu, fundi mkubwa wa karakana alipaza sauti kutoka chini ya gari jingine. “Kijana, weka chini kitambaa hicho! Ukitia tina hapo, mzee atarudi kwetu kupaka gari zima, na nani atalipa?”

Swali hilo ndilo lililokuwa na uzito. Sajenti alisema kwamba gari lile lilinunuliwa kwa mkopo wa chama cha akiba, na deni lilikuwa bado halijaisha. Familia nyingi za askari zinalielewa jambo hili. Gari huletwa kutoka Japani likiwa limetumika, likapita bandarini Mombasa, likapanda hadi kwetu. Mwaka 2018 Uganda ilitunga sheria ya kuzuia kuingizwa kwa magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, na tangu hapo wenye magari wamezidi kuyatunza waliyo nayo. Siku ya kuliuza, mnunuzi mjuzi huuliza kwanza kama rangi ni ile ya kiwandani. Gari lililopakwa upya humtia shaka, hata kama halikupata kugongwa, maana hawezi kujua puti inaficha nini.

Fundi mkubwa akamwambia sajenti maneno ambayo ningependa kila mwenye gari ayajue: “Afande, rangi yako haijaharibika. Imekaliwa tu. Nenda nayo nyumbani ukaifanye kwa subira.” Akampa kipande cha udongo wa kusafishia rangi na maelezo ya kuutumia. Yule kijana akaagizwa aende kusaidia kesho yake asubuhi.

UNENE WA KARATASI MBILI

Kabla ya kuingia kazini inafaa kujua tunalinda nini. Juu ya bati la gari kuna rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya kusawazisha, kisha rangi yenyewe tunayoiona, na mwisho, katika magari mengi ya siku hizi, tabaka angavu lenye kung’aa ambalo mafundi huliita klia. Matabaka yote kwa pamoja huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150 hivi, yaani kati ya sehemu moja ya kumi ya milimita na kidogo zaidi. Hiyo ni kama kurasa mbili za gazeti zilizowekwa pamoja. Klia peke yake haifikii unene wa ukurasa mmoja.

Klia ndiyo inayozuia jua letu la ikweta lisiipaushe rangi. Ikisuguliwa ikaisha hairudi tena, nayo maji yakimwagika hayazoleki. Basi werevu wote wa kazi hii ni kuondoa kilicho juu bila kukila kilicho chini, na kuanza siku zote na njia iliyo laini kuliko zote.

ASUBUHI YA NSAMBYA

Kesho yake, kwa ruhusa ya wenyewe, nilifika Nsambya, ambako polisi wengi wameishi na familia zao kwa miaka mingi. Gari lilikuwa limesogezwa kwenye kivuli cha mti. Mke wa sajenti alikuwa amekwisha kuandaa ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya maji safi ya kusuuzia kitambaa.

Kivuli ni sharti la kwanza. Bodi iliyochomwa na jua hukausha maji ya sabuni upesi na kuacha alama. Mkono ukiwekwa juu ya boneti na kuhisi ubaridi, kazi yaweza kuanza.

Sharti la pili ni kuosha, tena kuosha vizuri. Vumbi jekundu la barabara zetu lina chembe ngumu, na mtu anayeanza kusugua kabla ya kuliondoa hugeuza kitambaa chake kuwa msasa. Yule mama alimwagia gari maji mengi kutoka juu kwenda chini, kisha akaliosha kwa sabuni ya maji ya vyombo. Sabuni hiyo huondoa nta ya zamani, kwa hiyo haifai kwa uoshaji wa kila wiki, lakini siku ya kazi hii inafaa.

Baada ya hapo alifanya jaribio ambalo kila nyumba inaweza kulifanya. Alivaa kavera nyembamba mkononi kama soksi, akapitisha vidole taratibu juu ya bodi iliyolowa. Plastiki huongeza hisia za vidole. Mahali palipokuwa safi mkono uliteleza, na penye matone ulikwaruza. Kwa njia hiyo alijua kwamba boneti, paa na mlango mmoja vilikuwa vimepatwa, na upande wa pili ulikuwa salama. Hakuna haja ya kusugua mahali pasipo na ugonjwa.

Ndipo udongo ukatolewa. Udongo huu si wa kufinyangia vyungu. Ni plastiki laini iliyochanganywa na chembe nyembamba sana za kusugulia. Asili yake ni Japani, nchi ile ile yanakotoka magari yetu mengi. Mjapani Tadao Kadate alipewa hataza yake huko Marekani mwaka 1995. Ukipita juu ya bodi yenye utelezi, udongo huteleza juu ya klia iliyo bapa lakini hulinasa kila tone lililojitokeza na kuling’oa.

Yule kijana alikata kipande, akakikanda mkononi mpaka kikalainika, akakibapaza kama chapati ndogo. Mama akanyunyiza maji yenye matone machache ya shampuu ya gari. Maji haya ni ya lazima, kwa kuwa udongo mkavu huchubua rangi na kung’ang’ania. Walichukua eneo dogo, kiasi cha nusu mita kila upande, wakapitisha udongo kwa mistari iliyonyoka, mbele na nyuma, bila kuzungusha na bila kukandamiza. Uzito wa vidole peke yake unatosha.

Kazi hii husikika kuliko inavyoonekana. Mwanzoni udongo ulitoa sauti ya kukwaruza. Baada ya mapito kadhaa sauti ikapungua, na mwisho ikanyamaza kabisa. Walifuta kwa kitambaa laini, wakapima tena kwa kavera, wakahamia eneo jingine. Kila mara uso wa udongo ulipogeuka buluu, kijana aliukunja ndani na kutoa uso mpya. Kipande kimoja kilipomponyoka kikaanguka chini, alitaka kukisuuza, lakini mama akamzuia. “Hapana, mwanangu, kitupe. Mchanga hautoki humo.” Alisema kweli. Udongo ulioanguka chini ni msasa, hata ukiwa mdogo kiasi gani.

Kwenye kioo cha mbele walitumia wembe mpya, kioo kikiwa kimelowa maji ya sabuni, wembe ukilazwa karibu sawa na kioo. Wembe ni wa kioo peke yake. Usiukaribishe kwenye rangi wala kwenye taa, maana taa za magari ya siku hizi nyingi ni za plastiki.

Palibakia sehemu moja karibu na kifuta mvua ambapo matone yalikataa. Hapo sajenti alitumia spiriti nyeupe kidogo kwenye kitambaa, baada ya kuijaribu kwanza kwenye ukingo wa ndani wa mlango na kuona kwamba rangi haikutoka. Alipangusa, hakusugua, kisha akaosha mahali pale kwa sabuni mara moja. Watoto waliwekwa mbali, na hapakuwa na jiko wala sigara karibu, kwa kuwa mvuke wake hushika moto. Sehemu ya mwisho kabisa ilipewa polishi laini kwa mkono.

Kazi ilianza saa mbili asubuhi na kufika karibu saa sita. Udongo ukiisha kupita, rangi hubaki tupu bila kinga, kwa hiyo walimaliza kwa kupaka nta nyembamba gari zima na kuifuta ilipokauka. Nta hiyo huyafanya matone ya kesho yashike kidogo, na husaidia pia juu ya kinyesi cha makorongo wa Kampala, ambacho hula rangi kikiachwa juani.

MAMBO YA KUEPUKA

Wapo watakaoshauri njia za mkato. Tina huyeyusha rangi ya matone, ni kweli, lakini haina macho. Hasa kwenye gari lililowahi kupakwa mtaani, tina huyeyusha matone na rangi ya chini pamoja. Mafuta ya breki hula rangi. Waya wa kusugulia sufuria na majivu vifanye kazi jikoni. Petroli ni hatari kwa rangi na hatari zaidi kwa nyumba.

Tena, usiahirishe. Rangi nyingi za siku hizi huchanganywa na dawa ya kukausha, nazo huendelea kuwa ngumu siku baada ya siku. Tone la jana hung’oka kwa udongo. Tone la mwezi uliopita laweza kuhitaji mashine ya polishi na fundi mwenye uzoefu. Kama rangi iliyoruka ni ya kupaka nyumba, ile ya maji, mara nyingi kitambaa chenye maji ya sabuni ya uvuguvugu kikilazwa juu yake kwa muda kinatosha, mradi iwahiwe. Na kama matone yalifika mabichi na kuila klia, hapo udongo hautoshi, na ni heri kumwendea fundi kuliko kusugua kwa hasira.

JIRANI NA MAPAFU YAKE

Kazi ya asubuhi ile ilimgharimu fundi kipande cha udongo na nusu siku ya kijana wake, na ilimgharimu sajenti usingizi wa siku ya mapumziko. Kupaka boneti, paa na mlango upya kungewagharimu wote wawili mara nyingi zaidi, na gari lingebaki na dosari ya kudumu mbele ya mnunuzi. Ugomvi nao ungekuwa na gharama yake. Fundi wa Katwe na askari wa Nsambya ni majirani, na ajali ndogo njiani huwakutanisha tena.

Liko jambo jingine linalozidi gari. Ukungu unaotua juu ya boneti ndio huo huo unaoingia kifuani mwa kijana anayepuliza. Dawa ya kukausha inayotiwa katika rangi nyingi za kisasa ina kemikali ziitwazo isosianeti, ambazo zaweza kumsababishia mtu pumu, na akiisha kupatwa, hata kiasi kidogo humrudishia maradhi. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii kitu. Inahitajika barakoa yenye vichujio vinavyofaa, au iliyo bora zaidi, inayoleta hewa safi kwa mpira. Boneti husafishwa kwa udongo, lakini mapafu hayana udongo wao. Mzazi mwenye mtoto anayejifunza kazi hii na aulizie barakoa kabla ya kuulizia mshahara.

Kwa mwenye gari, kinga ni nyepesi. Unapofika mtaa wa mafundi, tazama kwanza moshi au mavumbi yanaelekea wapi, kisha egesha upande ule upepo unakotoka. Usipoweza, tandika turubai. Nenda asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaamka. Ukisikia mashine ya upepo ikinguruma, muulize fundi atapuliza saa ngapi. Hakuna fundi mwema atakayekasirika kwa swali hilo. Naye fundi akimwona mgeni ameegesha karibu, amwambie kabla hajashika bunduki yake.

Msomaji atakayepita Katwe asiogope kuingia. Ataona vijana wanaogeuza chuma chakavu kuwa mali, na atajifunza mengi kwa kutazama tu. Lakini kabla ya kuliacha gari, anyoshe kidole kilicholowa mate juu hewani kama walivyofanya wavuvi wa ziwa, ajue upepo unakwenda wapi.